Kutoka Baraka Kupanda Fizi: Askari Wazee Walale Wapi?

Mtu akitoka Uvira kwenda kusini, ziwa Tanganyika humkaa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume, nayo njia hupita katikati ikijibana. Sisi tuliishika njia hiyo mwezi wa Agosti mwaka 2024. Kutoka Uvira hata Baraka ni kilomita zisizotimia 100, lakini msomaji asidhani kwamba ni safari ya asubuhi moja. Kuna mito inayoshuka kwa ghadhabu kutoka milimani, kuna madaraja ambayo abiria hushuka ili gari livuke tupu, tena kuna vizuizi vya watu wenye silaha, ambapo dereva hujua maneno ya kusema na abiria hujua kunyamaza. Mwaka ule maji ya ziwa yalikuwa yamepanda mno, yakaziingia nyumba nyingi za kando ya Uvira. Tuliziona kuta zikiwa zimesimama majini, na mawimbi yakiingia mlangoni na kutoka, kana kwamba ndiyo wenye nyumba.

Tukapita Makobola, ambako raia wengi waliuawa siku za mwisho za mwaka 1998 na za kwanza za mwaka 1999. Hapo watu garini waliacha mazungumzo bila kuambiwa. Tukapita Swima na Mboko, kisha Lusenda, penye kambi iliyofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Baada yake michikichi ikazidi kuwa mingi, na wanawake walikuwa wakianika ndagala juu ya mchanga wakiwafukuza kuku kwa vijiti. Jua lilipokuwa linaelekea kuchwa tukaingia Baraka, vumbi limetufanya sote kuwa wa rangi moja.

Hatukwenda kutazama mandhari, ingawa ghuba ya Baraka na rasi ya Ubwari iliyoikinga yastahili kutazamwa. Walimu wenzetu walikuwa wametuuliza swali moja, nasi hatukuwa na jibu: wazee waliopata kushika bunduki, ambao leo mikono yao haiwezi kuinua hata kikombe, wanakaa wapi? Nani anawapikia, nani anawapeleka chooni usiku? Na kama ikijengwa nyumba ya kuwatunza, iwe nyumba ya namna gani?

Wilaya ya Fizi yafaa kuulizwa swali hilo kuliko wilaya nyingi, kwa kuwa vita viliipita tabaka juu ya tabaka. Mababu walitwaliwa kuwa askari na wapagazi wa Force Publique katika vita vya 1914 hata 1918, jeshi hilo lilipokwenda kuuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Vita vya pili vikalipeleka jeshi lilelile hata Ethiopia, ambako Waitalia walisalimu amri huko Saïo mwezi wa Julai 1941, na wengine wakafika hata Burma. Mwaka 1964 wakatokea Wasimba. Mwaka 1965 Ernesto Guevara na Wakuba wake wakavuka ziwa kutoka Kigoma, wakakaa milimani miezi saba, kisha wakarudi walikotoka. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila akaanzisha chama chake cha PRP, kikajificha katika milima hiyohiyo ya Fizi kwa miaka mingi. Kisha vita vya 1996, kisha vya 1998, kisha Mai-Mai wa majina mbalimbali, na sasa wale wanaoitwa Wazalendo. Kila vita viliacha nyuma yake wanaume wenye risasi mwilini, na wanawake waliowabebea mizigo, waliowapikia na kuwafunga vidonda, ambao hakuna daftari lililoandika majina yao.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, askari mzee wa Force Publique aliyekuwa na umri wa miaka 100. Picha ile ilipendeza, nasi tuliifurahia. Lakini katika vijiji vya Fizi hakuna anayengojea nishani. Wanangoja mtu wa kuwachotea maji.

Hapa yatubidi kusema jambo ambalo ni gumu kwa watu wa Baraka, na gumu zaidi kwetu sisi Wakatoliki. Tarehe 28 Novemba 1964, baada ya adhuhuri, gari la waasi lilisimama mbele ya misioni ya Baraka. Bruda Vittorio Faccin akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, aliyekuwa akiwaungamisha watu, akatoka, akapiga magoti karibu na mwenzake, akauawa naye. Jioni ya siku hiyo gari likapanda Fizi, na huko wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Hao wanne ndio waliotangazwa kuwa wenye heri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024, katika Misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo, siku chache kabla ya safari yetu.

Sasa tupige hesabu ndogo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 alipojiunga na Wasimba mwaka 1964, mwaka 2024 alikuwa na miaka 75. Basi hao nao ni wazee wetu. Wengi wao hawakuua padri wala bruda; wengine walichukuliwa wakiwa watoto, wakanyweshwa dawa, wakaambiwa kwamba risasi zitageuka maji. Mimba ya mambo yale haikuwa yao. Lakini anayetaka kujenga nyumba ya wapiganaji wazee huko Fizi hana budi kujua tangu siku ya kwanza kwamba watakaolala humo si mashujaa wote, na kwamba jirani atakayepita mbele ya mlango ana kumbukumbu zake.

Asubuhi tuliondoka Baraka kwa pikipiki, tukavuka mto Mutambala, tukaanza kupanda. Ziwa lilibaki chini, likazidi kupungua, na hewa ikawa baridi. Katika kijiji kimoja, ambacho hatutakitaja jina, tulikaribishwa katika lubunga. Wasomaji wasio Wabembe wajue kwamba lubunga ni mahali pa wanaume kukutania: paa lililosimama juu ya nguzo, moto katikati, viti vya chini kuuzunguka. Hapo huamuliwa kesi, hapo mgeni hupewa chakula, hapo watoto wa kiume husikia habari za ukoo. Tulipoingia alikuwapo mzee mmoja aliyeketi na mguu wake wa kushoto umenyooshwa mbele, kwa kuwa haukunjiki. Tukamsalimu, tukamwambia sababu ya safari yetu.

“Walimu,” alisema, “mimi nimetumikia bendera tatu, na kila moja iliniahidi bati. Nyumba yangu ni ya nyasi hata leo.”

Watu wakacheka, naye akacheka. Kisha akatuonyesha namna anavyoishi. Mwanawe mmoja amekufa, mwingine yuko machimboni anakochimba dhahabu, wala hana habari zake. Mjukuu wa kike wa miaka kumi na miwili ndiye anayempikia na kumwongoza chooni, na kwa sababu hiyo hakuonekana shuleni tangu msimu wa mvua. Jambo hilo lilituchoma kuliko mguu wake. Mahali pasipo na nyumba ya kutunzia wazee, nyumba hiyo ni msichana mdogo, na ada yake ni masomo yake.

Fedha je? Mpango wa kuwanyang’anya wapiganaji silaha ulioanza baada ya mwaka 2003 ulimpa kila aliyerudi uraiani dola 110, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 2013 juu ya askari wa jeshi la taifa yataja malipo ya uzeeni. Mwaka 2021 serikali iliunda mpango mpya, uitwao P-DDRCS. Yote hayo yalimtazama mtu mwenye nguvu, atakayepewa jembe au cherehani na kuambiwa aanze maisha. Aliyezeeka hana tena maisha ya kuanza. Mahitaji yake ni kugeuzwa ubavu kila saa mbili asiote vidonda vya kulala.

Tulipokuwa tukisema hayo, mama mmoja aliyekuwa ameketi nje ya lubunga, kama ilivyo desturi, aliinua sauti. Alikuwa mjane, nywele zake nyeupe zote. “Baba walimu, nisameheni. Mtu aliyekula mbuzi wangu kwa bunduki ajengewe nyumba na kupewa godoro, nami niliyeliwa mbuzi nilale chini? Hiyo ndiyo habari mliyotuletea?”

Hakuna aliyemkemea. Yule mzee wa bendera tatu alitazama moto. Baada ya kitambo alisema polepole, “Mama huyu asema kweli. Mimi nikilala humo peke yangu na wenzangu, watu watatupa jina la kambi. Na kambi tunaijua.”

Tangu hapo mazungumzo yakageuka. Hatukuuliza tena nyumba ya askari wazee iweje, bali nyumba ya wazee wa kijiji iweje, ambamo askari aweza kuingia kama mzee mwenzao. Nasi twaona kwamba hilo ndilo jambo la kwanza kuliko matofali: mlangoni mtu asiulizwe alipigania nani, aulizwe kama aweza kuamka peke yake. Mjane aingie kwa udhaifu wake, na mpiganaji aingie kwa udhaifu wake. Twajua kwamba si rahisi. Mama yule hakusema amekubali. Alisema tu kwamba, kama ni hivyo, yeye ataka mlango wake mwenyewe na ufunguo wake mwenyewe.

Ufunguo huo watufundisha ujenzi kuliko vitabu. Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa aliamuru mwaka 1670 ijengwe Les Invalides mjini Paris kwa ajili ya askari wake walemavu. Wakakaa humo kwa maelfu, wakivaa sare na kuamka kwa ngoma. Jengo ni zuri ajabu, lakini ni kambi. Marekani, yenye askari wazee wengi sana mashambani, imejifunza kwenda njia nyingine. Huko Tupelo, katika jimbo la Mississippi, tangu mwaka 2003 wazee wanatunzwa katika nyumba ndogondogo za watu kumi hivi, kila mmoja na chumba chake, jiko likiwa katikati. Tena idara ya askari wa zamani wa nchi hiyo huwaweka baadhi yao katika nyumba za watu binafsi, wasiozidi watatu kwa nyumba moja, na muuguzi huja kuwatembelea. Watu wa Geel, huko Ubelgiji, wangelicheka wakisikia kwamba hilo ni jambo jipya, maana kwao, chini ya ulinzi wa Mtakatifu Dymphna, jamaa za mji zimewapokea wagonjwa wa akili majumbani mwao tangu karne nyingi zilizopita. Karibu na kwetu kuna nyumba ya Nalukolongo, Kampala, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga, ambayo Papa Fransisko aliitembelea tarehe 28 Novemba 2015.

Basi tukiwa tumeketi katika lubunga tulichora mavumbini. Vyumba nane, au kumi, visizidi. Vizunguke ua mdogo, kila chumba na mlango wa kufungia kwa ndani, na dirisha ambalo mtu akiwa amelala aweza kuona ni nani anayekuja. Mzee mmoja alisisitiza sana juu ya kitanda: kisiwekwe mahali ambapo mlango uko nyuma ya kichwa. Aliyewahi kushambuliwa usiku hapati usingizi akiupa mlango kisogo, hata miaka hamsini ikipita. Kwa sababu hiyohiyo wakakataa kengele na kipenga, wakakataa ukuta mrefu, na kijana mmoja aliposema juu ya seng’enge walimwonea huruma.

Bati tupu juu ya kichwa walilikataa pia. Mvua kubwa ya milimani ikipiga bati, sauti yake si ya mvua tu kwa watu hawa. Iwekwe dari ya matete chini ya bati. Itatuliza kelele, itapunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Lakini bati lenyewe libaki, kwa ajili ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Hivyo paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20 ikinyesha, laweza kujaza tangi la lita 2,000. Katika nchi ambamo kipindupindu hurudi mara kwa mara kando ya ziwa, maji yanayotoka juu, yakifunikwa vema, si anasa. Ndiyo sababu pia tuliona nyumba isijengwe pwani, hata kama samaki wako karibu.

Sakafu isiwe na ngazi. Ikiinuka sentimita 30 juu ya ardhi, mteremko wa kupandia uwe na urefu wa mita 3 na sentimita 60, kila sentimita moja ya kimo ikipewa kumi na mbili za urefu, ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa na watu wawili. Milango iwe na upana wa sentimita 90. Na choo kiwe chini ya paa lilelile, mwisho wa baraza, chenye kiti cha saruji na upau wa kushika ukutani. Tumeona majengo mapya mazuri ambayo choo chake kiko hatua hamsini bondeni, na kikongwe hushuka huko gizani na fimbo. Aliyechora jengo kama hilo hajapata kuishi na babu yake.

Upande unaotazama njia lijengwe lubunga, sehemu ya nyumba yenyewe na si pambo lake. Watu wa kijiji waje kuamua kesi zao hapo kama kawaida. Mzee asiyeweza kutembea aamke na kujikuta tayari yuko barazani. Wanawake walitaka jiko kubwa la wazi upande wa pili, ambapo bugali na sombe hupikwa kwa sufuria moja, na jirani akipita aweza kuketi. Hatukuwa tumelifikiria hilo.

Hapo mtu mmoja alitukumbusha habari za baba yake Padri Joubert. Kapteni Léopold Joubert, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1842, alikuwa askari wa Papa, kisha akaja kwenye ziwa hili kuwakinga wanakijiji na wakamata watumwa. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alioa mke wa huku, akalima, akazeeka upande wa Moba, kusini zaidi, akafa mwaka 1927 akiwa katikati ya wanawe na majirani. Hakuna aliyemjengea nyumba ya askari; alikuwa na nyumba kijijini. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1908, aliuawa Fizi na watu wenye bunduki. Tulikaa kimya kidogo baada ya habari hiyo, kwa kuwa katika lubunga ile walikuwamo wenye umri wa kukumbuka.

Watunzaji wapatikane wapi? Wote walitaja akina mama wa kijiji, nao akina mama wakauliza kwa mshahara gani. Ni swali la haki. Kazi ya kumwosha mtu mzima, kumlisha na kukesha naye haiwezi kufanywa kwa shukrani tu; atakayeifanya afundishwe miezi kadhaa katika hospitali ya Fizi, alipwe kila mwezi, na asiwe msichana wa shule. Palitajwa shamba la michikichi, ambalo mafuta yake yangeuzwa Baraka siku ya soko, na shamba la muhogo kwa chakula cha nyumba. Chifu alisema atatafuta ardhi. Sisi twadhani mafuta peke yake hayatatosha, na kwamba serikali, ambayo kila mwaka hupata fedha za kuwaita vijana vitani, yapaswa kutoa mshahara wa watunzaji wawili wa mchana na mmoja wa usiku.

Tangu safari ile mambo yamekuwa mazito zaidi. Mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu ulitekwa na waasi wa M23, na vijana wengi wa Kivu ya Kusini wakachukua silaha. Barua tuliyopata kutoka kijiji kile yasema kwamba mjukuu wa mzee wetu amerudi shuleni, kwa kuwa jirani mmoja hupika sufuria mbili sasa. Jirani huyo ni yule mama mjane. Barua haielezi ilikuwaje. Ardhi imepimwa karibu na njia, juu ya kisima, na vijiti viko chini kuonyesha vyumba nane. Matofali ya udongo hufyatuliwa kiangazi, kuanzia Juni, nao wanauliza kama tunaweza kuwapelekea kalibu mbili za chuma, maana za mbao hupinda.